Kifungu na Kifungo

Mzigo wangu unatumikia siku ya kumi na tisa.
Nimeuona mara moja tu, mlango ulipoachwa wazi:
kiboksi kidogo kuliko kipande cha sabuni,
kimekaa rafu ya chini, kati ya rimu ya pikipiki
na mwanasesere asiye na kichwa.

"Ni nini hasa?" ananiuliza Afisa Lugendo.
Sigara ya umeme, namwambia.
Anaandika *sigara*, anafuta.
Anaandika *umeme*, anafuta.
Kalamu inabaki hewani kama mnandi anayesita kuzama.
"Ikiwa sigara, ina kodi yake.
Ikiwa chombo cha umeme, ina kodi yake.
Ikiwa dawa, basi cheti cha daktari kiko wapi?"
Analowanisha kidole, anapekua kitabu kinene.
"Tatizo, mzee Masalu, sijapata kifungu."

Nami fundi cherehani wa Makoroboi, miaka ishirini na minane,
macho yangu huenda yanakokujua:
shati lake jeupe, tundu la tatu kutoka juu,
halina kifungo.

Sikuagiza kwa anasa.
Mwezi wa nne binti mmoja wa Nyakato alirudisha gauni la harusi,
akalibwaga mezani mbele ya wateja:
"Fundi, umelishona au umelibanika kama sangara?"
Nikanusa. Kweli. Lesi, mikunjo, hata bitana,
vyote vilinuka mimi.
Nikalipa kitambaa. Usiku nikampigia mpwa wangu Nkwabi, aliyeko Guangzhou:
nitafutie ile ya mvuke, ladha ya nanasi.
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Mjomba, nanasi litoke China,
na ya Sengerema yanaozea sokoni Kirumba?"

Sasa gharama ya ghala inapanda kila kukicha.
Mzigo umelala, mimi nalipia kitanda.

Mle ndani hakuvutwi; bango ni la herufi nyekundu.
Saa saba Lugendo hutokea mlango wa nyuma, kwenye uzio
unaotazama ziwa na mabehewa yaliyoota kutu,
nami humfuata, maana foleni haiendi popote.
Yeye hana kiberiti. Mimi sina sigara,
nilijiapiza sinunui tena mpaka kile kifaa kitoke.
Basi tunakamilishana: moto wangu, fegi yake,
nusu kwa nusu, kimya, kama wezi wa kuku.
Magugumaji yamesogea hadi kwenye mawe.
Upepo unaturudishia moshi usoni.

Leo akaniuliza, "Hivi hicho kidude kinasaidia kweli?
Maana mke wangu naye..."
Hakumaliza. Alikohoa
kile kikohozi ninachokijua, kinachoanzia kisiginoni.
Sijui, nikamwambia. Muulize aliyekifungia.
Tukacheka hadi mlinzi akageuka.

Sindano hukaa ukosini mwangu siku zote.
Uzi mweupe, upo. Kifungo nikakipapasa mfukoni;
hakikufanana sana, vyake vina matundu manne, changu mawili.
Akasita. Akatupa jicho dirishani kwa mkuu wake, Bi Kabula.
"Isije ikaonekana..."
"Ni kifungo tu, bwana."
"Hata hicho kina kifungu chake," akajibu.
Lakini alisimama wima, kidevu juu, kama mtoto siku ya Idi,
nikamshonea shati likiwa mwilini,
jambo ambalo mama yangu alilikataza:
alisema ni kumshonea mtu ufukara.
Uzi nikaukata kwa meno.
Ulinuka.

Kesho nije saa mbili kamili, kasema,
na nakala mbili za kitambulisho,
na barua inayoeleza kitu chenyewe ni nini,
kwa maneno yangu mwenyewe.

Nimekaa na karatasi tangu magharibi.
Nimeandika: *Kwa Afisa wa Forodha, Mwanza.*
Nimeacha mstari.
Nimeandika: *Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*
Hapo juu hapana kitu.