Robo Tu kwa Mwaka

Februari, Leominster. Jua la saa nne limechelewa kazini.
Nimeegemeza ngazi, nimepangusa msumeno kwa spiriti
kama nipangusavyo mkono wa mgonjwa kabla ya sindano,
maana mti nao huambukizwa.

Simu iko mfukoni, spika wazi. Mama, Muheza, anauliza:
"Unakata nini na baridi yote hiyo?"
"Mtufaha, mama."
"Yale mekundu ya majimaji?"
"La. Epo. Yale yenye kibandiko,
uliyoninunulia moja tu, nilipougua surua."
Kimya. Kisha: "Kumbe yana mti."

Yana mti. Huu hapa, nyuma ya jiko,
kati ya pipa la taka na ukuta wa matofali,
ulionijia pamoja na nyumba
bila kuandikwa kwenye hati.

Baridi yangu ya kwanza hapa niliukata vibaya.
Niseme kweli: niliupiga.
Ilikuwa wiki ile alipozikwa Mwanaidi,
mimi niko zamu, tiketi pauni mia tisa,
na maiti haimsubiri mtu wa mbali.
Nikatoka na msumeno, sare ya wodi mwilini,
nikakata mpaka nikawa sioni mkono wangu,
matawi mazito kama mapaja,
wala sikuuliza lipi linazaa.

Mti haukulia. Ulijibu.
Kufika mwezi wa sita ulikuwa umerusha fimbo,
fimbo tele, zimenyooka, zote zinakimbilia juu,
majani matupu, ua hata moja hakuna.
Delyth wa jirani, dereva wa basi la shule,
alichungulia juu ya ukuta, biskuti mdomoni:
"Umeutisha huo.
Robo tu kwa mwaka. Robo, basi."
Akaingia ndani, birika lilikuwa linapiga mluzi.

Sasa ni baridi ya nne, na angalau najua kusoma.
Jicho nene lenye manyoya, hilo ni ua, usiliguse.
Jicho jembamba lililojilaza kwenye gome, hilo ni jani tu.
Kata juu ya jicho linalotazama nje,
mshazari, mvua iteleze isituame.
Acha ule uvimbe wa shingoni mwa tawi,
ndio unaojua kufunga kidonda, si wewe.
Matawi mawili yakisuguana, moja liende.
Penye donda, kata mpaka uone mbao nyeupe,
na usipoiona, shuka tena chini kidogo.

Udongo uwahi ungali maji, tulifundishwa.
Mimi huu nimeuwahi umeshakuwa chungu,
na ufa niliutia mwenyewe.

Zile fimbo sikuzifyeka zote.
Chache nimeziinamisha, pole pole, kila mwaka kidogo,
nikazifunga kwa soksi ndefu za nailoni, za kazini, zilizochanika.
Tawi likilala, husahau kukimbia, linaanza kuzaa.
Wapita njia hudhani nimeanika nguo mtini.

Mwaka jana: matufaha saba.
Sita nilipika na karafuu, machachu, yakala sukari nusu kilo.
La saba lilibaki kileleni, ngazi haikufika,
ndege akalitoboa ubavu mmoja
na ule mwingine ukabaki mwekundu hadi Desemba.

Leo nimehesabu yaliyoanguka majanini. Robo imetimia.
Lakini lipo tawi moja linanikera,
linakatiza mbele ya dirisha la chumba changu,
linagonga kioo usiku kama mtu aliyesahau funguo.
Nimeliwekea meno ya msumeno. Nimeyaondoa.

"Umemaliza?" anauliza mama. Kumbe hajakata simu,
nasikia hata fagio lake likiparaza ua.

"Sijamaliza," nasema, nikishuka.
"Nimeacha."