Saa Nne na Robo

Bwana Fidahusein hakununua dishi, alinunua mashaka:
futi kumi za wavu, kama kifumbu cha jitu,
limeshushwa bandarini vipande vipande
na kitabu cha maelezo kwa Kijapani.
Goti lake halikutaka ngazi.
Akachungulia dirishani, akaniona mimi,
miaka kumi na mitatu, mwepesi kama bua,
nikila embe mbichi kwa pilipili.
"We Mwanakombo, waogopa juu?"
Nikasema siogopi. Nilikuwa mwongo.

Ndivyo ulivyoanza ugonjwa wangu.

Yeye chini mbele ya televisheni, mimi juu ya paa,
na bomba la maji ndilo simu yetu:
pigo moja, sukuma mashariki;
mawili, rudisha;
matatu, usipumue.
Siku tano nilisukuma, viganja vikachubuka.
Chini chengachenga tu, kama mchele unaopetwa.
Siku ya sita, baada ya alasiri,
ngo! ngo! ngo!
Nikashuka ngazi kwa makalio.
Mwanamke mwenye koti la rangi ya binzari
alikuwa akisoma habari za theluji
kwa lugha ambayo hata Fidahusein, mwenye lugha tano, hakuijua.
Tukamtazama kama mwezi wa kuandama.
Kisha akatoweka, nami nikapanda tena.

Hapa Makadara waniuliza hadi leo: watazama nini?
Wao wataka mpira, wataka tamthilia.
Mimi napata, naandika, nahama.
Daftari la kumi na saba hili:
tarehe, nyuzi, nguvu ya mawimbi, mawingu,
na nilichokipata.
Harusi mahali penye farasi weupe.
Bunge la watu wanaosinzia kama letu.
Mtu akipika samaki bila nazi, Mungu amsamehe.
Na mara moja, saa nane za usiku, chumba kitupu:
kiti, meza, gilasi ya maji,
kamera iliyosahauliwa wazi.
Nilikaa na kile kiti mpaka adhana ya alfajiri.

Dishi la katikati hapa kwetu hulala chali,
lakodolea mbingu kama mgonjwa.
Masika hulijaza maji.
Nililitoboa kwa msumari, kunguru wakanuna:
walishalifanya birika lao.
Chumvi hula skrubu, mimi napaka grisi.
Nani atashinda, sote twajua.

Marehemu Athmani hakuupenda mchezo huu hata kidogo,
lakini ndiye aliyekaa chini akigonga.
Naye mwongo: njaa ikimshika
alipiga matatu,
nikishuka nakuta chengachenga
na sahani mbili za wali.
Daftarini imo: Alhamisi, nyuzi hamsini na saba, hakuna.
Samaki wa kupaka.

Mwaka wa nne sasa natumia kipimo cha mkononi.
Chalia chenyewe, pi, pi, pi.
Hakidanganyi. Hakioni njaa.

Leo mwezi wa tatu, tarehe ishirini na mbili.
Nimempandisha Salha, mjukuu wangu,
ambaye simu yake yaonyesha dunia nzima
na haoni kwa nini tuungue jua.
"Ngoja," namwambia. "Tazama kivuli."
Kivuli cha kile kichwa chenye miguu mitatu
chatambaa juu ya wavu wa dishi la mashariki,
lile lile aliloniachia Fidahusein,
polepole, chaelekea katikati.
Saa nne na robo chafika.
Jua, setilaiti, dishi: uzi mmoja.
Chini picha yafa,
maana jua lina kelele kuliko stesheni zote.
"Bibi, imeharibika?"
"La. Sasa wajua ilipo."

Nampa daftari na kalamu.
"Niandike nini? Hakuna kitu."
"Andika hivyo hivyo. Na saa."