Ubwiri

Sikujua kizazi kina shingo.
Shingo niliyoijua ni hii iliyobeba ndoo
kutoka kisima cha Mpunguzi, miaka thelathini,
hii niliyoivisha shanga nyekundu
siku ilipoletwa mahari ya ng'ombe wanane
na wa tisa akawa ahadi mpaka leo.

Nesi Damari akaitaja kwa jina
mbele ya wanawake kumi na saba kwenye benchi,
kama anayemkaribisha mgeni chakula:
shingo ya kizazi.
Tukatazama sakafu.
Mmoja akakohoa. Mwingine akafunga upya khanga
ambayo haikuwa imelegea.

Akanipa kijiti chenye nywele laini,
kama ufagio wa mwanasesere,
na kichupa chenye namba.
"Ingia nyuma ya pazia, jichukulie mwenyewe.
Sukuma taratibu, zungusha mara tano,
hakuna atakayekuona."
Mara tano. Nilihesabu kwa Kigogo
ili woga, kama ni wa mjini, usinielewe.

Mficha uchi hazai, tulifundwa.
Nimezaa watano na bado nilikuwa naficha.

Mama hakupimwa.
Damu ilimrudia akiwa na wajukuu sita,
tukacheka kidogo, tukasema usichana umemkumbuka.
Kisha ikaja harufu.
Tukachoma ubani, tukahamishia godoro lake
kwenye chumba cha karanga.
Shangazi akataja jina la jirani,
Mama Nyemo,
na Mama Nyemo akahama usiku na mbuzi wake.
Kiwanja chake kimeota michongoma.
Ugonjwa haukuwa na jina,
tukaupa la mtu.

Wiki ya tatu simu ikalia niko shambani,
mkasi mkononi.
"Kirusi kipo. Si saratani. Njoo tuangalie."
Nikabaki nimesimama katikati ya mizabibu,
na mkono, kwa mazoea, ukageuza jani.
Ubwiri hauanzii juu, jamani.
Juu pana kijani cha kumdanganya mwenye shamba.
Unaanzia chini, mweupe,
kama unga uliomwagwa na mtu mwenye haraka,
na asiyeinama haoni,
mpaka siku ya kuvuna akute nyaya tupu.

Nikaenda.
Akapaka siki.
Siki! Ile ya mapipa yaliyoharibika,
divai iliyosahauliwa hadi ikakasirika.
Nikacheka, miguu juu.
"Unacheka nini, mama?"
"Hii kwetu tunaimwaga."
Dakika moja. Taa. Kimya.
"Hapa. Doa jeupe, kama ukucha wa mtoto."
Nikaomba nilione, akanionyesha kwenye simu.
Hivyo ndivyo nilivyokutana na shingo yangu
nikiwa na miaka arobaini na mitatu:
ya waridi, yenye doa,
haina habari kwamba imetajwa.

Akaliunguza kwa joto.
Tumbo likafinya kama siku ya kwanza ya mwezi.
Muda mrefu zaidi niliutumia
kutafuta ndala yangu chini ya kitanda.

Mume akauliza mbona tulale mbalimbali wiki zote hizo.
Nikamwambia. Hakusema kitu,
akatoka kwenda kufunga mbuzi waliokwisha kufungwa.
Usiku wa manane: "Na mimi ninacho?"
Sikuwa na jibu. Nilimpa maji.

Mwakani nitarudi kupimwa tena.
Kabla ya hapo nina safari ya Chilonwa.
Nasikia Mama Nyemo yu hai, anaishi kwa mjukuu,
anachambua karanga kwa kupapasa.
Nimebeba kilo mbili za sukari
na jina la ugonjwa,
nimrudishie lake.
Wanasema masikio yake sasa ni mazito.
Itabidi niseme kwa sauti.