Mbalamwezi, Nyakabondo

Getini nikaombwa kitambulisho.
Kijana akasoma kwa sauti: Adera Ntahondi.
Karibu Nyakabondo, akasema, utapapenda,
nami nikamshukuru
kama mtu anayeoneshwa jiko la mama yake.

Chumba changu ni namba saba.
Nimepima kwa miguu toka kwenye mwamba wenye ufa
(mwamba uliwashinda, wakaupaka chokaa):
hatua arobaini, halafu kushoto.
Ni pale pale. Kitanda kimekaa
juu ya chanja yetu, na upande wa mto
ndipo mama alipomwaga dagaa alfajiri
wakiwa bado wanametameta,
mimi na kifimbo nikigombana na kuku wa Mama Sebitwi.

Mchanga si ule. Wetu ulikuwa changarawe na magamba,
ulikuchoma nyayo ukajua uko kwenu.
Huu umekuja na lori, mlaini, hauna habari na mtu.

Chakula cha jioni: dagaa, shilingi elfu kumi na nane.
Wamepangwa kichwa huku, mkia kule,
kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha.
Nimewahesabu. Kumi na mmoja.
Mama alipima kwa kopo hadi kilele kimwagike,
kisha akachota konzi nyingine, ya nyongeza,
hata kwa mtu anayemdai.
Nimeitafuta nyongeza chini ya kipande cha limau.

Harufu hakuna. Ilihamishwa,
pamoja na chanja, pamoja na Mama Sebitwi,
nyuma ya kilima, upande ambao upepo hauna kazi nao.

Na mwezi ulikuwa umejaa.
Aliyekulia hapa hafundishwi:
mbalamwezi ikitanda taa haina maana,
dagaa hawadanganyiki, mitumbwi inalala.
Hizo ndizo siku za kushona nyavu, kudaiana,
kupeleka posa, kukaa nyumbani na mke.
Nusu ya darasa letu tulizaliwa wiki moja.

Lakini saa mbili usiku, ziwani,
ikawaka taa. Ya pili. Zikafika nane,
za manjano, zimejipanga vizuri mno.
Wageni wakasimama na simu zao.
Mama mmoja wa Dodoma, semina moja na mimi,
akanigusa bega: Hawa watu wanajituma, jamani!
Nikanywa maji.

Asubuhi, nyuma ya jiko, nimemkuta Buchumi,
mtoto wa baba mdogo, anasubiri malipo.
Elfu kumi kila taa, akasema.
Wageni walilalamika: picha ya tangazo ina taa,
wamekuja, ziwa giza.
Sasa mwezi ukijaa tunatoka sisi.
Karabai tu, za sola eti nyeupe sana.
Wavu hawataki, unanuka.
Tunakaa. Gwimo anapiga porojo. Saa tano tunarudi
mtumbwi mkavu kama kabati.

Na huoni vibaya?

Vibaya nini? Mwanangu yuko kidato cha pili.
Akakuna kiganja, akakitazama.
Ila mikono hii, Adera. Ikifika saa nne
inaanza kuvuta yenyewe.
Juzi Gwimo alinicheka, kumbe na yake inavuta.

Usiku wa pili nami nikainua simu.
Nisiseme uongo: picha imetoka nzuri.
Mwezi juu, taa nane chini, maji kama bati jipya.
Nikamtumia mama, kule Urambo kwa dada,
bila neno, nikijua atafurahi
kuliona tena ziwa lake.

Hakuandika. Alipiga.
Sauti yake ilikuwa imeshavaa khanga, imeshafunga kiuno:

Mwezi wote huo, na taa ziko majini.
Adera, wanamtafuta nani?
Nani hajarudi?