Kijiko cha Chumvi

Nilikibeba katika mfuko wa koti, kimefungwa kitambaa,
kijiko cha bati nene ambacho mama hupimia chumvi.
Kwenye mpini, namba: 3817.
Tangu utoto tuliambiwa: huyo ndiye babu yenu.

Chumba cha makaratasi kiko Ibanda,
nyuma ya ofisi ya wapima ardhi.
Mvua ilikuwa imeanza upande wa ziwa
na Bwana Mirindi, mwenye funguo, alikuwa akila karanga.
"Jina?"
Murhula, wa Nyangezi. Alikwenda Abisinia mwaka wa arobaini na moja.
"Walioandika majina yetu hawakuwa na masikio," akasema.
"Tutafute Mutula, Murula, Mulura, lolote litakalojitokeza.
Ile 'rh' yetu iliwakwama kooni kama mfupa wa samaki."

Tukatafuta.
Madaftari yalinuka popo na siki.
Mutula alikuwa mpishi, akafukuzwa kwa ulevi.
Murula alikufa kambini kabla hata ya safari, kwa surua,
miaka kumi na tisa.
Mulura alirudi na medali, na mguu mmoja.
Wetu hakuwamo.

Ndipo nikatoa kijiko.
Mirindi akakigeuza mbele ya dirisha, akapiga mluzi.
"Mbona hukuanza na hiki? Namba haina lafudhi."

Umeme ukakatika, kama desturi yake saa nane.
Kwa tochi ya simu tukashuka na kidole ukurasani,
3815, 3816,
3817: Ntaboba, askari wa daraja la pili.
Amerudi. Amelipwa. Ametia dole gumba.
Mistari ya dole lake bado inaonekana
kama shamba lililolimwa jana.

Amerudi.

Nikaikumbuka hadithi ilivyosimuliwa kwetu:
mwanaume mrefu alifika Nyangezi ameloa,
akakataa kiti, akakataa hata maji,
akamkabidhi nyanya kijiko, akasema, "Ni cha mume wako,"
na mama, wakati huo, alikuwa mgongoni, analia njaa.
Kumbe kilikuwa chake mwenyewe.
Kumbe njia yote ile alitembea akitafuta la kusema,
na mfukoni hakuwa na kitu kingine cha kuleta.

Babu tulimkuta jioni, si kati ya askari.
Daftari jembamba, la wapagazi;
wapagazi hawakupewa vijiko.
"Mulula. Kilo ishirini na tano. Amehara siku sita. Njia ya Gambela."
Mahali pa kuandika kaburi, karani amechora kistari kilicholala,
na chini yake kingine, na kingine,
jina kwa jina, hadi mwisho wa ukurasa,
ngazi isiyopandwa na mtu.
Pembeni, kwa mkono mwingine:
faranga thelathini na moja, hazikudaiwa.

Kalamu ya wino ni marufuku mle ndani.
Mirindi akanisukumia penseli yake,
kisha akageukia ukuta, akahesabu karanga zake zilizobaki.
Juu ya "l" ya kwanza nikaandika "rh", ndogo.
Hiyo tu.

Kadutu, makaa yalikuwa yamekolea, sambaza ziko sufuriani,
na mama amenyoosha mkono, anangoja kijiko chake.
Miaka themanini na kitu anaitwa M'Murhula,
binti ya Murhula,
binti ya mtu ambaye hakumwona hata kivuli.
"Wamempata?"
Nikasema, namba ipo, mama.
Iko pale pale, imeandikwa vizuri.

Hakuniuliza zaidi.
Akachota chumvi,
akaisawazisha kwa dole gumba.