Daftari la Amugune

Kwenye santuri kuna jina la mwimbaji,
la bendi, la mtunzi, hata la duka lililouza.
La baba halimo.
Limo kwenye daftari la mraba alilolificha
nyuma ya debe la wimbi:
Jumatatu, kwaya ya Kaloleni, nyimbo nne. Imelipwa.
Jumanne, benga, kijana wa Ugenya, sauti tamu,
hajui pa kuanzia. Nusu.
Jumatano, tangazo la sabuni.

Alikuwa fundi wa reli, kucha za grisi.
Gitaa lile la kulazwa alilijenga mwenyewe:
ubao wa mvule, nyaya za breki za baiskeli,
na kanyagio, ambalo mama hajalisamehe bado,
la cherehani yake.
"Umenikata mguu," alimwambia.
Baba akaleta cherehani ya mkono
na sukari kilo mbili.

Alitelezesha chuma juu ya nyuzi
kama apigaye pasi shati la mgeni.
Kwa kwaya kilipanda polepole, kikasimama mlangoni.
Kwa rumba kilikuwa mwanamke anayecheka chumba cha pili.
Na wale vijana wa Nakuru wa kofia pana,
waliotaka upweke wa Marekani na farasi wake,
aliwapa upweke wa Vihiga, msimu wa palizi,
wala hawakugundua.

"Mimi chumvi," alisema.
"Nani husifu chumvi? Lakini isahau, uone."

Kisha kikaja kinanda cha umeme
kilichojua kila kitu isipokuwa kuchelewa.
Baba alikwenda studio, akaambiwa subiri,
akasubiri, akarudi na mkate.

Juzi, kwenye kinu cha Kibuye, redio ikiwa juu ya gunia,
nikaisikia noti ikiinama, ikikawia kidogo,
kama yeye kizingitini akivua viatu.
"Nani anapiga hapo?"
Msagaji akanitajia mwimbaji.
Nikapokea unga wangu.

Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja:
Ijumaa, wimbo mmoja. Bado.
Sijui ni wimbo gani, wala nani anadaiwa.

Nimemsomea mama. Hakuinua macho.
Mkono wake ulikuwa unazungusha cherehani,
na chini ya meza, pasipo na kitu,
mguu unakanyaga.