Bunduki ya Upepo

Kwanza nilikwenda kituoni kuulizia kibali.
Askari akatazama miwani yangu, akatazama fomu,
akauliza, "Sababu?"
Makopo, nikamwambia.
Akaandika: *makopo*. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Dukani kwa Hirji, Ngamiani, Barabara ya Tatu,
nyuma ya vyerehani na madebe ya rangi,
tatu zililazwa juu ya gazeti kama samaki.

Ya kwanza inakula vichupa vya gesi.
Nyepesi, na bei yake inakuchekea.
Vichupa vinapatikana wapi, nikauliza.
Hirji akakohoa. "Dar. Pengine."
Basi hiyo ni bunduki na nauli yake:
kila makopo thelathini, safari.
Rahisi ghali. Nimewahi kuolewa hivyo.

Ya pili ina darubini,
plastiki yake imechorwa majani makavu
kana kwamba uwani kwangu Makorora
kuna pori la kujifichia.
Nikaiinua. Mkono ukaniambia umri wangu.
Darubini ikacheza, Hirji akaikaza kwa ncha ya kisu.
Nikaiweka chini taratibu, kama mtoto wa mtu.

Ya tatu ni ya kukunja mtutu.
Kitako cha mti, mkwaruzo mrefu ubavuni,
kutu kidogo, kutu ya hapa hapa,
ile inayokula bawaba zetu na masufuria.
Nikaikunja gotini. Springi ikagumia.
Haitaki gesi wala betri,
inataka mkono na matone ya mafuta.
"Hiyo ya zamani," Hirji akasema.
Nami nilikuwa nimeshaiweka begani.

Baba yangu, Mhina, miaka kumi na moja
alibeba bunduki ya meneja Mgiriki
kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza.
Aliifuta, akaitia mafuta,
Jumapili akaokota njiwa waliodondoka
na miiba ya mkonge ikamchora miguu.
Hakuwahi kufyatua. Hata mara moja.
Lakini usiku, jikoni, alishika mchi wa kinu,
akaulaza begani, shavu juu ya mti,
akatufundisha:
*Vuta pumzi. Toa nusu.
Nusu iliyobaki, ikalie.*
Mama akisema, rudisha mchi wangu.

Laki mbili na nusu, akataka Hirji.
Nikafungua kitambaa cha pesa za kikoba,
nikazihesabu mbele yake, noti kwa noti,
zilipoishia laki na themanini
nikaonesha kitambaa, pande zote mbili.
Akaongeza na kopo la risasi,
vidude vyenye kiuno chembamba kama nyigu.

Uwani nimeegemeza magunia mawili ya mchanga ukutani.
Kuku wamefungiwa. Jirani, Mama Chausiku,
ameambiwa, ameanua nguo zake zote,
hata zile ambazo hazijakauka,
na sasa amepanda kwenye stuli
anachungulia juu ya ukuta, kinyume kabisa cha nilivyomwomba.
Nikamwambia ashuke. Akashuka.
Kunguru wamejipanga kwenye waya wa umeme.
"Bibi," anasema Sekiete, mjukuu wangu, nyuma ya mgongo wangu,
"si uwapige wale?"
Wale hawamo kwenye fomu.

Risasi ya kwanza iliingia mchangani
ikatoa sauti ya mtu aliyekalia mto.
Ya pili sijui ilikokwenda.
Nilichunguza ukuta wote, kwa kidole,
kabla sijagusa ya tatu.

Kopo la maziwa, hatua kumi na tano.
Shavu juu ya mti.
Mti unanuka mikono ya watu nisiowajua,
na chini ya hapo, kwa mbali, mafuta.
Navuta pumzi.
Natoa nusu.

Kutoka upande wa pili, Mama Chausiku:
"Umepata?"

Bado. Bado nimeikalia.